Mlango Nilioufuta

Nilikuwa nampelekea mama uji na blanketi. Basi. Hilo ndilo lililonipeleka hospitali jioni ile, saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa linakusanya vitu vyake liondoke. Chupa ya uji mkononi, blanketi kwapani, penseli nyuma ya sikio, maana nilitoka moja kwa moja kazini.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Si kwamba mimi ni bosi wa kampuni. Mimi ni yule anayekaa mezani na kuambiwa, "Punguza hapa, ongeza pale." Miaka minne kabla ya jioni ile niliambiwa niongeze. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda vinane, na wakubwa walitaka kumi. Nikafungua ramani ya zamani. Mwisho wa chumba niliona mlango mpana wa nyuma, ambao haukuelekea popote isipokuwa mochwari.

Nikaufuta.

Madirisha mawili ya upande ule nayo nikayaziba. Nikapata ukuta mmoja mzima na nafasi ya vitanda viwili zaidi. Nilisifiwa sana. Mama alizunguka mtaa mzima akisema, "Wodi mpya ile? Mwanangu huyo."

Sasa mama mwenyewe alikuwa amelazwa humo, kitanda cha kumi, siku ya tisa. Homa ya mapafu. Daktari aliniambia mapafu yameshapona, ila mgonjwa anaisha kwa kukosa usingizi.

"Apate usingizi wa usiku mmoja tu," alisema, "namruhusu. Asipolala, sitakudanganya, ndugu yangu. Hana siku nyingi."

Nesi wa zamu alikuwa mezani kwake karibu na mlango. Mfupi, viatu vya raba, wagonjwa wanamwita Mama Mbio.

"Ahaa! Fundi wa mateso yangu amefika," alisema. "Njoo nikuulize. Kutoka hapa mpaka kitanda cha kumi ni hatua sitini na moja. Ulipokuwa unachora ulidhani nina baiskeli?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, na usinipoze na shikamoo. Hiyo kona uliyoiweka katikati inanizuia kuona. Mama yako akiita, wa tisa anamwambia wa nane, wa nane anamwambia wa saba, habari inanifikia ikiwa imezeeka."

Nilicheka. Kisha nikaona, pale pale kwenye kona, pazia la kitanda cha saba limefungwa pande zote.

"Na huyu wa saba?"

Kicheko kilimtoka usoni. "Amelala."

"Mapema hivi?"

"Tangu saa nne asubuhi." Alinivuta karibu, akanong'ona. "Tangu uzibe ule mlango, njia ni hii moja. Nimpitishe wapi, katikati ya wageni na mabakuli yao? Tunavuta pazia, tunasema amelala. Wageni wakiondoka tunamtoa kwa kitoroli cha mashuka, tumemfunika kama nguo chafu. Wagonjwa wote wanajua. Unadhani hawajui?"

Nilihamishia blanketi kwapa la pili.

"Bibi aliyenifundisha kazi hapa alikuwa anaufungua ule mlango wa nyuma, anamwambia marehemu, 'Haya, mwenzetu, njia yako hii.' Mimi nawaambia nini? Rudi ulikoingilia?"

Nilipita. Wa saba na pazia lake. Wa nane. Wa tisa. Kwenye wodi ile hakuna jioni wala asubuhi, kuna taa nyeupe tu, zinazolia kama nyuki waliofungiwa kwenye chupa.

Mama alikuwa ameuelekea ukuta, macho wazi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Usikae hapo pembeni, mwanangu."

"Kuna mtu?"

"Kuna foleni."

Niliweka chupa chini. Nikamshika paji la uso. Hakuwa na homa.

"Wanakuja hapa," alinong'ona. "Wanafika kwenye ukuta huu, wanaupapasa, wanarudi. Wanakuja tena. Wastaarabu kweli. 'Samahani, mama, kitanda chako kiko mlangoni.' Sasa nalalaje, baba, nikiwa nimewazibia watu mlango?"

"Mama, ni dawa hizo."

"Nikawaambia wasihangaike. Mwanangu ndiye aliyechora hapa." Akatabasamu, tabasamu lile lile la kujisifu mtaani. "Walifurahi! Wamesema wanataka kukuona."

Taa zikafifia. Zikarudi.

Nikasema namwita nesi.

Nilitembea haraka. Kitanda cha tisa. Cha nane. Cha saba na pazia lake. Kona. Baada ya kona kuna meza ya nesi. Nilichora mimi, naijua kama kiganja changu.

Nikakata kona.

Kitanda cha kumi.

Mama alikuwa ameuelekea ukuta. Chupa ya uji ilikuwa sakafuni, pale pale nilipoiweka.

Nilijicheka kidogo. Nimepotea kwenye ramani yangu mwenyewe. Nikaanza tena, safari hii nikihesabu hatua. Tisa. Nane. Saba. Kona...

Kitanda cha kumi.

Mara ya tatu nilikimbia. Mara ya nne nilitembea polepole, mkono ukutani, kama kipofu. Ukuta ulikuwa na unyevu. Harufu ya dawa ya kusafishia ilikuwa imepotea. Mahali pake palinuka plasta mbichi, kana kwamba mafundi wamemaliza kuziba sasa hivi. Nilimwita nesi. Sauti yangu ilikwenda ikagota mahali, ikarudi.

Ndipo nilipoona kwamba mapazia yote yamefungwa. Vitanda vyote, isipokuwa cha mama.

Mapazia ya hospitali hayafiki chini. Huachwa nafasi ya shubiri moja hivi, deki ipite.

Kwenye ile nafasi kulikuwa na miguu.

Miguu mitupu. Jozi mbili kitanda hiki, jozi nne kile. Imesimama, vidole vimeelekea ukuta wa mwisho. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanasubiri kama watu wanavyosubiri dirisha la dawa.

Pazia la saba likafunguka.

Alitoka mwanamke wa makamo, gauni la wodi, kipande cha plasta kwenye kifundo cha mkono kimeandikwa namba. Alinitazama bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Ndiye wewe?"

"Mimi... mimi mgeni tu. Nimeleta uji."

"Mgeni," alisema taratibu. "Na sisi tulikuwa wagonjwa tu."

Nyuma yangu mama akasema, kwa sauti nyembamba, "Ndiye huyo. Mama yake hakuwadanganya."

"Chora," alisema yule mwanamke.

"Nitaongea na mkandarasi. Kesho asubuhi nitaleta mafundi, tutavunja..."

"Mafundi wa nini? Uliufuta kwa mkono. Urudishe kwa mkono."

Miguu yote ilisogea hatua moja. Nilisikia nyayo zikigusa sakafu kwa pamoja, pa, na nafasi kati yao na mimi ikapungua. Nikasogeza kitanda cha mama kando. Kilikuwa chepesi mno, kama hakina mtu. Nikamtazama: midomo imekauka, macho hayapepesi. Akikosa usingizi usiku mwingine, ameondoka.

"Nikichora, atalala?"

"Atalala."

"Atatoka?"

"Kwa mlango wa mbele. Kwa miguu yake."

Nikatoa penseli sikioni.

Sijawahi kuchora hivyo. Mstari ulinyooka bila rula, sijui ni nani aliyeunyoosha. Fremu upande wa kushoto, kutoka sakafuni mpaka nilipofika kwa vidole. Fremu upande wa kulia. Kizingiti. Kitasa. Penseli ilikwaruza kwenye plasta, na kila ilipokwaruza, mtu nyuma yangu alivuta pumzi. Mwisho nikaweka bawaba tatu, juu, katikati, chini, safi kabisa, kama ninavyoweka bawaba kila siku ya kazi.

Nikarudi nyuma.

Upepo ulitoka kwenye ule mstari. Kwanza mdogo, kama wa tundu la funguo. Kisha ukainua pindo la shuka la mama. Upepo wa nje, wenye harufu ya udongo uliolowa.

Nikangoja wapite.

Hawakupita.

Chini ya mapazia, miguu ilirudi nyuma. Hatua moja. Hatua mbili. Polepole, kwa adabu, wakajipanga pande zote mbili, kama wenyeji wanaowapisha wageni mlangoni.

Hapo nikazitazama bawaba zangu.

Kila mchoraji anajua hili, hata aliyeanza kazi jana. Bawaba zinaonekana upande ule ambao mlango unafungukia. Ningekuwa nachora njia ya kutokea, nisingezichora hata moja. Zingekuwa upande wa pili, mlango usukumwe nje. Mimi nilizichora zote tatu. Kwa mazoea tu. Milango yangu yote ya wodi hufungukia ndani.

Nilichora mlango wa kuingilia.

"Ngoja," nikasema. "Nimekosea. Ngoja nirekebishe..."

"Hapana," alisema yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Umeuweka vizuri."

Ndani ya ukuta kitasa kikazunguka.

"Muda wa wageni umekwisha!" Sauti ya Mama Mbio, karibu kabisa. "We mchoraji, unaongea na ukuta?"

Mapazia yalikuwa wazi. Wagonjwa walikuwa wanakunja vyombo. Saa ya ukutani ilisema kumi na mbili na robo. Pazia la kitanda cha saba tu lilikuwa bado limefungwa, na chini yake hapakuwa na kitu.

Na mama alikuwa anakoroma. Mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia, anakoroma kama fundi baada ya zege. Nesi alisimama akamsikiliza kama mtu anayesikiliza muziki.

Alilala kwa muda wa saa kumi na nne. Kesho yake jioni daktari alimruhusu, naye akatoka kwa mlango wa mbele, kwa miguu yake, akiwaaga wagonjwa kitanda kwa kitanda. Kwenye vitanda viwili vitupu alisimama pia, akaaga.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Leo mchana Mama Mbio alinipigia simu. Hakunitania.

"Umefanya nini kwenye ukuta wangu? Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa brashi ya waya. Mchoro wako hautoki."

"Dada..."

"Nyamaza, nisikilize. Nina vitanda kumi. Asubuhi nikahesabu wagonjwa kumi na mmoja. Nikarudia. Kumi na watatu. Wamelala vizuri kabisa, wamejifunika mpaka kidevuni. Nikimfunua mmoja, miguu ina udongo. Njoo ufute, mdogo wangu. Aliyechora ndiye anayeweza. Njoo kabla sijaingia zamu ya jioni."

Nikavaa viatu. Mama alikuwa kibarazani, amenenepa kidogo, anachambua mchele.

"Unakwenda kuufuta?"

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu ile simu.

"Nesi ameomba, mama."

"Sawa. Ila ngoja kidogo." Alitupa kijiwe nje ya ungo. "Dada yako bado yuko njiani. Na ule mguu wake, unaujua. Anatembea polepole."

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Dada yangu alifariki katika wodi ile ile, nikiwa darasa la tatu. Kidonda cha mguu, kikapanda. Nilisimama uani nikamwona akitolewa kwa mlango ule wa nyuma. Kwa hiyo siku nilipoufuta kwenye ramani nilijua ni mlango gani. Niliufuta haraka kuliko mstari mwingine wowote, nisiuone tena mezani kwangu.

Sasa jua linashuka. Mama ametandika godoro la pili chumbani, ameweka ndoo ya maji na kitambaa, vya kuoshea miguu. Ananiuliza kama nadhani dada atakula wali au aanze na kitu laini.

Simu inaita. Ni Mama Mbio.

Sijapokea.