Mfuko wa Saba kwenye Mkanda wa Mjomba

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote wa mtaa wa Kimisagara hajaleta suruali iliyochanika, Kanyange alikuwa ameshazunguka karakana ya baba yake akiburuta sumaku iliyofungwa kwenye uzi. Sumaku hiyo ilikusanya pini na sindano zilizoanguka sakafuni. Kufagia vipande vya kitambaa ilikuwa kazi ya mdogo wake, Mucyo, mwenye miaka kumi. Lakini Julai ile ya mwaka 1990, wakati wa Kombe la Dunia, Mucyo alikuwa akivipiga mateke tu. Yeye ndiye mtangazaji, yeye ndiye Kameruni, na ukuta ndio golikipa.

"Kameruni walishatolewa," Kanyange alimwambia.

"Kwenye redio. Hapa bado wanacheza."

Baba yao, fundi Habimana, hakuwasikia. Aliinamia cherehani akishona mkanda wa turubai wenye mifuko sita ya kubebea vipande vizito vya chuma. Ulikuwa mkanda wa Mjomba Cyriaque, mpiga mbizi. Watu wakiangusha kitu cha thamani ziwani, humwita yeye. Hubeba mtungi wa hewa mgongoni, hujifunga mkanda ili uzito umzamishe, kisha hushuka kukitafuta.

Mjomba alipokuja kuuchukua aliupima kiunoni, akavuta nyuzi kuona kama ni imara, akasema, "Shemeji, hapa mbele niongezee mfuko mmoja mdogo, wenye kifungo."

"Wa kuwekea nini?" Kanyange aliuliza.

"Siri ya kazi. Jumamosi nakwenda Ziwa Muhazi, kuna injini ya wavuvi imezama. Botini ninayo nafasi ya watu wawili wadogo." Alimtazama Mucyo, kisha Kanyange, akasita. "Ila huyu mmoja, bado naikumbuka kofia yangu."

Mucyo alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliopita, kwenye barabara ya Rwamagana, Kanyange alikuwa ametapika ndani ya kofia ya Mjomba. Ilikuwa kofia mpya.

"Nilikuwa mdogo," Kanyange alisema.

"Ulikuwa na miaka kumi na moja. Sasa una kumi na miwili, umezeeka." Mjomba alitabasamu, kisha akawa mtu wa kazi. "Sikiliza. Chini maji ni meusi, sioni saa. Msaidizi wangu, Cassien, atashika kamba iliyofungwa kwangu kwa mikono yote miwili. Mtu mwingine ashike saa, amwambie dakika zinavyokwenda. Ikifika thelathini ananivuta, kwa sababu hewa yangu inakaribia kwisha. Naweza kukupa wewe kazi hiyo?"

Kanyange aliitikia kwa kichwa. Tangu aanze kuelewa maneno alikuwa akisikia habari za Mjomba anavyozama na kuibuka, lakini hakuwahi kuona hata mara moja.

"Basi lala mapema. Asubuhi kula kidogo, kitu kikavu, kiazi kitamu au mkate. Maziwa na maandazi yasubiri turudi. Njiani utatafuna hii." Alimpa kipande cha tangawizi. "Botini kaa katikati, macho kwenye kilima cha mbali. Ukianza kujisikia vibaya, sema mapema. Kichefuchefu mwanzoni kinasikiliza. Kikishafika kooni hakimsikii mtu."

Jumamosi alfajiri Kanyange alikula kiazi kimoja kitamu, kikavu kabisa, akajipongeza. Ndipo Bibi Kabagwira, mama yake Mjomba, alipotokea mlangoni na vikombe vya maziwa ya mgando. Bibi hakumruhusu mtu kusafiri bila kunywa. Mjomba alipokea chake kwa mikono miwili, akaenda nacho kwenye pikapu alikokuwa akipakia mitungi na Cassien, na baada ya muda kikombe kikarudi kitupu.

"Na wewe kunywa, mwanangu."

Kumkatalia Bibi maziwa ni kama kumwambia hujui kukamua. Kanyange akanywa. Bibi akafurahi, akajaza tena. Akanywa tena.

Iliyobaki ilikuwa tangawizi. Pikapu iliposimama Kabeza kujaza gurudumu upepo, watu wa madukani waliwatazama, na Kanyange akakumbuka jinsi Bibi alivyomlea. "Barabarani hatuli. Wanaokula barabarani ni mbuzi." Akakirudisha kipande mfukoni. Atatafuna wakifika, alijiambia.

Walipofika, ufukoni kulikuwa na watu wapatao arobaini waliokuja kutazama, kwa hiyo tangawizi ilibaki mfukoni, asije akaonekana mbuzi. Upepo ulikuwa umeanza. Boti ilipofika mahali injini ilipozama na kutia nanga, ilianza kuyumba, upande huu, upande ule, kama mtu anayekataa jambo polepole. Mjomba alijifunga mkanda, akampa Kanyange saa, akajirusha kinyumenyume majini.

Kanyange alihamia nyuma ili ayaone vizuri mapovu. Nyuma kulikuwa na harufu ya petroli. Aliinamisha uso juu ya saa.

"Tano," alisema. Baadaye, "Kumi." Baadaye kidogo, kwa sauti ndogo zaidi, "Kumi na tano."

Mate yalimjaa mdomoni. Jasho baridi likamtoka. Alipotazama tena saa, mshale wa dakika ulionekana kuwa miwili, na yote miwili ilikuwa inayumba. Je, ilikuwa kumi na nane, au ishirini na tatu?

Akinyamaza, huenda akapatia. Akisema, atarudi kuwa msichana wa kofia, mbele ya Mucyo, mbele ya watu arobaini. Chini ya boti mapovu yaliendelea kupanda, na kila povu lilikuwa hewa ya Mjomba inayotoka mtungini.

"Kaka Cassien," alisema. "Nina kichefuchefu. Saa siioni vizuri."

Cassien, mtu mnene asiye na haraka, hakuiacha kamba. "Mpe mdogo wako. Mucyo, inasemaje?"

"Ishirini na moja," Mucyo alisema. Hakucheka.

"Iko sawa. Kanyange, njoo katikati. Tazama kile kilima chenye mikaratusi, usiangalie maji. Vuta pumzi. Hukupewa tangawizi?"

"Ninayo."

"Mbona iko mfukoni?"

"Watu wanatuona."

Cassien aliwatazama wale wa ufukoni. "Wamekuja kumwona Cyriaque. Taya lako hakuna aliyekuja kulitazama."

Kanyange akang'ata. Tangawizi ikamchoma ulimi, machozi yakamtoka, na kilima cha mikaratusi kikabaki mahali pake, kimetulia, hakina habari na mawimbi. Alikishika kwa macho. Mate yakapungua. Mucyo aliposema "thelathini" na Cassien akavuta kamba mara tatu, tumbo la Kanyange lilikuwa bado na kila kilichokuwa ndani yake.

Kichwa cha Mjomba kikaibuka. Alikuwa ameshaifunga injini kamba, na wavuvi walipoivuta juu ikichuruzika matope, ufuko mzima ulipiga makofi. Yeye alipanda botini, uso umempauka, wala hakumsalimu mtu. Alifungua kifungo cha ule mfuko wa saba, akatoa karatasi ya nailoni, na ndani yake kulikuwa na tangawizi. Akaitafuna kama mtu aliyeiota usiku kucha.

"Mjomba, hata wewe?"

"Miaka kumi na minne. Chini nimetulia, ni boti inayonitesa. Siku yangu ya kwanza nilitapikia viatu vya mwenye boti, akanifukuza, nikarudi nyumbani kwa miguu."

Cassien akamweleza habari ya saa. Mjomba akasema, "Kuumwa na mawimbi si aibu, ndiyo maana tunajikinga. Lakini ungeficha ili usichekwe, ningekuwa chini nikimtegemea mtu asiyeona. Umesema kwa wakati. Safari ijayo saa ni yako, ila ukae katikati. Na asubuhi ulikunywa nini?"

"Vikombe viwili vya Bibi."

Mjomba akakohoa. Cassien akaanza kuikunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Jioni, Bibi aliwangoja mlangoni. Kanyange alimsalimu, akamwambia mambo yote kwa heshima: maziwa, tangawizi, mbuzi. Bibi alimgeukia mwanawe.

"Cyriaque. Vile vikombe nilivyokupa miaka yote hii?"

Mjomba, asiyeogopa giza la ziwa, alitazama viatu vyake. "Huwa nampa Cassien, mama."

"Ndiyo maana ananenepa." Bibi akacheka, na kila mtu akapata ruhusa ya kucheka. "Mtoto wa miaka kumi na miwili amenieleza ukweli ndani ya siku moja, na wewe umenificha miaka kumi na minne. Ungesema tu, maziwa yangekusubiri. Kuanzia leo ni ya wakati wa kurudi."

Akawajazia vikombe, cha Mjomba kikiwa kikubwa kuliko vyote, na akasimama kuhakikisha kimekwisha.

"Na wewe, Kanyange, dawa ni dawa. Itafune hata mbele ya mkutano. Mbuzi nitazungumza nao mwenyewe."