Shikamoo ya Nyuma ya Kioo

Walikutana sokoni Mbulu, asubuhi ya baridi, wauzaji wamejifunika shuka mpaka masikioni. Nicodemo, fundi wa pampu za maji kutoka Mogitu, alirudi nyuma kupisha mkokoteni, akaketi juu ya kiroba cha vitunguu swaumu cha Hilaria.

"Kaka, hicho si kiti."

"Samahani, dada. Nimekaa vizuri mno, nikadhani ni kiti."

"Umeshaviponda. Utavinunua."

"Nitanunua kiroba kizima, ukiongeza na namba ya simu."

"Vitunguu vinauzwa. Namba haiuzwi."

"Basi nipe bure."

Hilaria alicheka bila kutaka, na namba akatoa.

Tangu siku hiyo simu haikupoa. Masika yalipokwisha, mioyo yao ilikuwa imeshakubaliana. Lilibaki jambo moja. Nicodemo alikuwa kitinda mimba wa mama mjane, Mama Scolastica, na Hilaria alikuwa hajawahi kumwona. "Mama akisema ndiyo, hata kesho nakuoa," Nicodemo alizoea kusema. "Akisema hapana, mpenzi, siwezi kupita juu yake." Basi kila jioni kule Endagikot, Hilaria alipiga magoti: "Bwana, nipe kibali mbele ya mama huyu."

Ndipo gari alilokuwa ameagiza Hilaria likafika Katesh. Wafanyabiashara wenzake walinunua pikapu. Yeye aliagiza gari la mbio, jekundu, la milango miwili na viti viwili tu, lililolala chini kama paka anayewinda. Baba yake aliuliza, "Sasa vitunguu utapakia wapi?" Akajibu, "Vitunguu vina fuso la kukodi, baba. Hili ni la kunibeba mimi."

Siku ya kulichukua alivaa gauni la bluu lenye maua meupe na kilemba cha kitambaa kilekile. Yusuph, aliyemwagizia, alimkabidhi funguo mbele ya duka lake.

"Dada Hilaria, hili limezoea kukimbia. Usiliendeshe kama punda wa maji."

"Kaka Yusuph, mimi na Mungu wangu hatuna haraka."

Alifanya ishara ya msalaba, akaweka kiganja juu ya usukani, akashukuru. Kisha akawasha. Injini ilinguruma mpaka mbuzi wa jirani wakatawanyika, na Hilaria akapiga kigelegele peke yake ndani ya gari. Mlima Hanang ulikuwa umejitokeza wote, bila wingu hata moja.

Siku zile barabara ilikuwa bado haijawekwa lami, na vumbi lake lilikuwa laini kama unga wa ngano. Kwa hiyo alipandisha vioo, vioo vyeusi tititi. Pale Mogitu aliona akina mama wamesimama kando ya njia, wamependeza, wanapunga mikono. Binti aliyelelewa vizuri hapiti wakubwa kimyakimya. Alipunguza mwendo, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti, "Shikamooni, mama zangu!" Akasonga mbele, moyo mweupe.

Jioni simu iliita.

"Hilaria."

Hakusema mpenzi. Hakusema hata Hila.

"Nicodemo wangu! Gari linaimba jamani, yaani—"

"Umempita mama yangu barabarani."

"Mama yupi?"

"Nilimwambia avae vizuri, asimame na majirani wakuone. Amesimama tangu asubuhi. Ukampita kama kisiki, ukamwachia vumbi."

"Wale wa Mogitu? Nimewaamkia wote! Nimeinama kabisa!"

"Vioo vilikuwa wazi?"

Hilaria aligeuka kulitazama gari lake uani. Ndipo alipojiona kama walivyomwona wao: gari jekundu, kioo cheusi, vumbi.

"Mama anasema asiyeamkia wakubwa haingii nyumbani kwake," Nicodemo aliendelea. "Majirani wanamcheka."

"Na wewe uliyemsimamisha mzee juani bila kuniambia? Ulikuwa unanitega?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza," alisema Hilaria, akakata simu.

Wiki ile hakula vizuri. Alimwomba Mungu ambadilishe mama yule, na kila alipoomba, dhamiri ilimwelekeza kwenye funguo zilizoning'inia ukutani. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alishusha vioo vyote viwili mpaka mwisho, akaanza safari.

Aliteremka Dongobesh, akateremka mlima wa Dareda, tumbo la gari likikwaruza mawe, na hakumwacha mtu bila salamu. Mzee na ng'ombe wake: shikamoo. Bibi na kuni zake: shikamoo. Vumbi likaingia lote. Alipofika Mogitu na kusimama mbele ya nyumba ya Mama Scolastica, lile gauni la bluu lilikuwa la kahawia, na usoni yalionekana macho na meno tu.

Alishuka, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

Mama Scolastica alimtazama, uso umekaza. Kisha mashavu yakaanza kumtetemeka.

"Nicodemo! Njoo umwone mchumba wako! Ametoka mashine ya kusaga!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Marahaba, mwanangu, marahaba. Nawa uso nikuone."

Nicodemo alileta maji mwenyewe, akammiminia mikononi. "Nisamehe, Hila," alisema chinichini. "Kosa ni langu."

"Ni lako, ndiyo. Mimina polepole."

Baada ya uji, mama alitaka kulipanda lile gari.

"Na mimi nikae wapi?" aliuliza Nicodemo.

"Viti viwili, wanawake wawili," alisema mama yake. "Hesabu gani inakushinda?"

Wakaondoka, mama ameweka kiwiko dirishani, akiita kila jirani kwa jina. Nyumba za Mogitu zilipokwisha, Hilaria akaanza kutafuta mahali pa kugeuzia.

"Usigeuze," alisema mama. "Baba yako yupo nyumbani leo?"

"Yupo, mama."

"Basi twende. Washenga watakuja kwa utaratibu wao. Mimi natangulia kubisha hodi."

Hilaria alikanyaga mafuta. Machozi yalimchora mistari mipya katika vumbi lililobaki, na moyoni alisema asante, Bwana, asante. Walikuwa wanakaribia Dareda simu ya Mama Scolastica ilipoita. Mama aliichukua, akaiweka sikioni.

"Mama, mko wapi? Ni saa nzima sasa!"

"Naenda kukuposea. Wanyweshe ndama maji, halafu ufue lile shati lako jeupe."