Jina Lako na la Mama Yako

Mzee Mhina wa Sindeni alifika kliniki ya meno ya Handeni Jumanne asubuhi, kanzu imenyooka kwa pasi, na wala hakuwa na miadi.

"Shikamoo mzee," alisema Faudhia, dada wa mapokezi. "Meno yako bado yako kwa fundi, Korogwe. Nani kakuita?"

"Marahaba. Nimeitwa jana mchana, niko shambani napalilia. 'Mhina wa Zaina! Mhina wa Zaina!' Nikatazama huku na huku, hakuna mtu." Mzee akashusha sauti. "Kinachonisumbua, binti, ile sauti ilikuwa yangu mwenyewe. Ile ya zamani, nilipokuwa na meno."

Faudhia alitabasamu, kama tunavyowatabasamia wazee tukidhani wameanza kuchanganya mambo. "Ukaitika?"

"Sikuitika. Nilidhani ni jua la utosi."

Ijumaa yake mkewe alimleta tena. Safari hii alikuwa ameitika "Naam!" kabla ya kufikiri, na tangu hapo mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika bila kutoa neno. Daktari alimulika koo, hakuona kitu. Wiki hiyohiyo wakaja kina mama wawili waliodai wameitwa kwa sauti zao wenyewe. Faudhia alifungua daftari: wote watatu, vipimo vya vinywa vyao vilikuwa kwa fundi Nicolaus, kule Kilole, Korogwe.

Niseme tu ukweli, kosa lilikuwa la Faudhia, na alilifanya kwa uangalifu wake wote. Handeni ina kina Mhina wengi mno. Kuna siku meno ya mmoja yalitaka kuingia kinywani mwa mwingine, aibu ikawa kubwa, naye akaamua yasijirudie. Kuanzia hapo kila kipimo kilichopanda basi kwenda Korogwe kilifuatana na karatasi: jina la mgonjwa, jina la mama yake, kijiji, simu, na ndugu wa karibu. Fundi wa meno anahitaji kujua taya na rangi ya jino basi. Yeye alimpelekea ukoo mzima.

Na humo alikuwamo mama yake mzazi, Maryamu. Kwenye karatasi ya mama yake, mahali pa ndugu wa karibu, aliandika kwa mwandiko mzuri: Faudhia, bintiye.

Jumamosi alikwenda Kilole na mwalimu Sadala, mzee wa madrasa anayejulikana kwa kusomea watu. Nicolaus, mjukuu wa wakata mkonge, mtu wa kwaya, aliwapokea mlangoni akijaribu kucheka.

"Mimi ni Mkristo, dada Faudhia, mambo ya majini siyajui," alisema, akitafuta ufunguo wa karakana. "Ila siku hizi chumba kinanuka."

Alifungua. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali mpaka bati linaalika, na chumba ambacho siku zote kilinukia nta na spiriti kilitoa harufu nzito ya vuguvugu, harufu ya kinywa cha mtu aliyetoka usingizini, ingawa ndani hapakuwa na mtu, ila midomo ya plasta tu, iliyomiminwa kutoka kwenye vile vipimo na kupangwa rafuni, kila mmoja umekaa juu ya karatasi yake ili isichanganyike, na Faudhia alipoinama kuitazama aliona kwamba weupe ule ulikuwa na unyevu, unyevu wa mate, na kutoka mwisho wa rafu, taratibu, kikaanza kitu kama watu wengi wanaojifunza kutamka, mmoja akisema Mhi, mwingine akisema Ma, mwingine akivuta pumzi tu.

"Huwa unazisoma hizi karatasi?" Mwalimu Sadala alinong'ona.

"Kila alasiri nikifungua boksi," Nicolaus alijibu. "Kwa sauti, nisikosee."

"Binti yangu, mganga akitaka kumfikia mtu huuliza nini kwanza?"

"Jina lako na la mama yako," Faudhia alijibu, machozi yakimtoka, maana hilo kila mtoto wa Handeni analijua.

"Basi. Hiki kilikuwa kinapita zake, hakina mdomo. Mmekipa mdomo, mkakisomea na majina."

Walivunja midomo yote kwa nyundo, mwalimu akisoma bila kupumzika. Karatasi walizichoma uani. Moshi ulipotulia, mwalimu alimtazama Nicolaus. "Ndizo zote?"

Nicolaus alitazama viatu vyake. "Ndizo zote, mwalimu."

"Vizuri. Na mtu akiitwa bila kumwona anayemwita, anyamaze."

Jumapili mzee Mhina aliomba uji kwa sauti ya kukwaruza, na mkewe akalia kwa furaha. Wagonjwa walipimwa upya. Kliniki ikaanza kutuma namba tupu. Daftari la majina likafungiwa kwenye droo, ufunguo akauvaa Faudhia shingoni. Akaanza kulala vizuri.

Wiki mbili baadaye, mchana, alikuwa jikoni kwao akichambua mchele. Meno ya mama yake yalikuwa kwenye kikombe cha maji dirishani. Mama huyavua akishakula, fizi zipumzike. Simu ikalia. Nicolaus.

"Dada, nisamehe, nimeshindwa kukaa nalo. Kuna picha moja, niliipiga kabla hatujavunja. Mdomo wa mama yako pamoja na karatasi yake. Kazi ilitoka vizuri, nikaiweka kwenye kundi letu la mafundi mtandaoni, wanisifie."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Kama mia mbili hivi."

"Faudhia!" Mama aliita kutoka chumbani.

Nyumba ile mtoto haitwi mara mbili. "Abee, mama!" lilimtoka kabla hajajua.

Kisha akatazama kikombe. Meno yalikuwamo. Mama bila meno hawezi kulitamka jina la bintiye sawasawa, na aliyeita alilitamka herufi kwa herufi. Mlango wa uani ukafunguka, mama Maryamu akaingia na mchicha mkononi, ametoka bustanini.

"Unaongea na nani, mwanangu?" aliuliza kwa fizi zake.

Faudhia alifungua mdomo amwambie. Alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakikutoka kitu.

"Dada?" Nicolaus alisema kwenye simu. "Dada Faudhia, uko hapo?"

"Nipo, kaka," ilijibu sauti ya Faudhia kutoka chumbani, kwa upole. "Hiyo picha usiifute. Na Jumatatu turudi kwenye majina kamili. Namba zinatuchanganya."

"Sawa, dada," alisema Nicolaus, akashusha pumzi.