Sauti Iliyoingia Sikioni mwa Bibi

Kila jioni baada ya shule, Chiriku alikaa barazani na bibi yake wakichambua mchele. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la fundi cherehani, na spika yake isiyo na waya ilipiga muziki kutwa nzima. Jioni hiyo Chiriku hakuchambua hata punje. Alikuwa akimvizia Tausi, binti wa fundi.

Tausi alikuwa rafiki yake wa kufa kuzikana, hadi alipomrekodi akikwamakwama kusoma, akawarushia wenzao kwa simu. Darasa zima lilimwiga. Chiriku alicheka pamoja nao, lakini moyo ulimtokota, akaapa kulipiza.

Silaha alikuwa nayo. Zamani Tausi alimtumia ujumbe wa sauti, akilia kwamba bado anakojoa kitandani, akamsihi asimwambie mtu. Ujumbe huo ulikuwa bado kwenye simu ya bibi, ambayo Chiriku aliitumia kuwasiliana na rafiki zake.

Duka lilipojaa wateja, wanafunzi wenzao wakiwemo, Chiriku aliwasha blutuuthi ya simu hiyo ili aiunganishe na spika ya duka. Vifaa viwili vikajitokeza. Kwa papara ya hasira akagusa kimoja bila kusoma jina, akafungulia ujumbe, akakodoa macho amwone Tausi akiumbuka.

Muziki wa dukani ukaendelea. Akaongeza sauti hadi mwisho.

Kando yake, bibi alishtuka akashika sikio. Alikuwa amevaa kifaa cha kumsaidia kusikia, nacho huunganishwa na simu ile ili awasikie wanaompigia. Alikuwa amesikia kila neno.

"Huyu anayelia ni Tausi," bibi alisema polepole. "Ulitaka nani amsikie?"

Chiriku akaeleza yote, huku machozi yakimlengalenga. Bibi alimwambia aufute ujumbe, kisha wakavuka barabara. Fundi aliposikia jinsi Chiriku alivyorekodiwa, alisimamisha cherehani akamwita bintiye. Habari ya kitanda bibi hakuigusa kabisa.

Kesho yake Tausi alimwomba Chiriku radhi mbele ya darasa, akawataka wenzake wafute ile sauti. Chiriku alimsamehe kwa shingo upande, maana hasira haikuwa imemwisha.

"Kukasirika ni haki yako, mjukuu wangu," bibi alimwambia jioni. "Ukionewa, njoo uniambie, nitakusimamia. Lakini Tausi alikupa siri yake kwa kukuamini. Hata mkigombana, siri hiyo itunze."

Chiriku aliahidi kuitunza. Kisha akaomba ruhusa, akavuka barabara peke yake kwenda kumwita Tausi waje wachambue mchele pamoja.