Mshale Uliolala

Asubuhi hiyo nyumba nzima ilikuwa ikilia piyo-piyo. Vifaranga walikuwa wameanguliwa, tena wengi kuliko wakati wowote. Walijaa kwenye trei za mashine ya kutotolea, wanakanyagana, wanadonoana, kila mmoja anataka kuwa mbele. Mama wa nyumba hiyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, alikuwa akicheka peke yake. Mumewe alipanga maboksi yenye matundu. Chai ilipoa mezani, hakuna aliyeikumbuka.

"Mungu ametupa," Mama Vifaranga alimwambia mumewe. "Kazi yetu sasa ni kuwafikisha."

Kikundi cha wafugaji ng'ambo ya mlima kilikuwa kimeagiza vifaranga wote. Banda lao walishalitia joto. Wakiwapokea wazima, wangekuwa wateja wa kudumu. Wakipokea mizoga, basi, jina la Mama Vifaranga lingeharibika huko moja kwa moja.

Na hapo ndipo ilipokuwa hofu yake. Pikapu yao ilikuwa ya zamani. Injini haikuwa na neno. Lakini mshale wa geji ya mafuta ulikuwa umelala kwenye alama ya tupu, hauinuki hata ukitia mafuta. Uwezo wa kujaza tangi pomoni hawakuwa nao. Walitia walichoweza, kisha wakaendesha kwa kukisia. Safari iliyopita mafuta yaliisha katikati ya mlima, jua kali. Vifaranga kadhaa walikufa kwa joto, Mama Vifaranga anawapepea kwa kanga na machozi yanamtoka.

Dereva alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Jina lake la utani lilikuwa Chapuchapu, kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo lolote tangu azaliwe. Alikuja akiburuta kandambili, akasema mafuta yapo tele, yeye mwenyewe alitia juzi.

"Tele kiasi gani, shemeji?" Mama Vifaranga aliuliza.

"Tele ya kutosha."

"Hiyo ndiyo tele iliyotukwamisha mlimani."

Mumewe alicheka mpaka boksi likamponyoka. Chapuchapu akapendekeza wabebe dumu la mafuta nyuma. Mama Vifaranga akakataa. Mvuke wa mafuta kwenye pumzi za vifaranga? Hapana. Basi Chapuchapu akafungua kifuniko cha tangi, akainama, akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kiberiti ili achungulie ndani.

"Weka hicho chini, mwanangu. Polepole. Rudi nyuma."

Aliyesema alikuwa jirani yao, fundi wa umeme wa magari. Watu walimwita Mama Nyaya. Alikuwa anapita na mkoba wake wa vifaa kwenda kazini. Hakupaza sauti, lakini Chapuchapu alirudi nyuma kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Mama Nyaya alifunga kifuniko mwenyewe. Akawaeleza kwamba kinachowaka upesi si mafuta tu, ni mvuke wake, na mvuke hauonekani. Karibu na tangi hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna mshumaa.

Mama Vifaranga alimweleza shida yao yote. Mama Nyaya akaweka mkoba chini.

Kwanza akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa za dashibodi zikawaka. Akawasha injini, wakangoja. Mshale wa joto la injini ukapanda vizuri. Akasema kwenye gari hili mishale yote miwili inapata umeme kwenye fyuzi moja, kwa hiyo fyuzi ni nzima. Akazima kila kitu, akaliacha gari lipoe kidogo.

"Ndani ya tangi kuna boya," alieleza. "Linaelea juu ya mafuta. Mafuta yakipanda, nalo linapanda. Waya mmoja unapeleka habari kwenye geji. Waya wa pili umefungwa kwenye chuma cha gari, ili umeme upate njia ya kurudi. Njia hiyo ikikatika, mshale unalala. Sasa niambieni, huu ulilala lini?"

Chapuchapu alisema zamani sana. Mama Vifaranga alikuwa mtu wa kutazama mambo. Akarudisha fikra nyuma, siku kwa siku, mpaka akafika.

"Ulilala tulipopaka rangi," alisema.

Ni yeye aliyepaka, ili kutu isile gari. Alilala chini juu ya gunia akapaka mpaka uvunguni. Kazi aliifanya kwa moyo wote. Hakuacha hata nati moja.

"Twende tukaone hizo nati," alisema Mama Nyaya.

Wote wakaingia uvunguni, hata mume, na kurunzi ya betri. Ule waya wa pili waliukuta umefungwa na nati, umefunikwa na rangi ya kijani nene kama uji. Rangi ilikuwa imeingia kati ya waya na chuma. Umeme haupiti kwenye rangi. Mama Nyaya alitoka kwanza, akachomoa waya wa betri ili cheche isiruke. Kisha akafungua nati, akampa Mama Vifaranga msasa.

"Uliyepaka ndiwe utakayekwangua."

Alikwangua mpaka chuma kikang'aa. Wakafunga waya, wakakaza, wakapaka grisi kidogo juu ili kutu isiingie. Betri ikarudishwa.

Mama Vifaranga akakaa kwenye kiti cha dereva. Akasema bismillah, akawasha swichi. Mshale ukatetemeka. Ukainuka taratibu, kama mtu anayeamshwa. Ukasimama chini kabisa ya robo.

Wote waligeuka wakamtazama Chapuchapu.

"Basi si tele," alikiri.

Mafuta yale yasingemaliza hata nusu ya mlima. Mumewe alitoa fedha ya akiba ya chakula cha kuku bila kuombwa, kwani fedha ingerudi jioni. Wakapakia vifaranga, wakapitia kituo cha mafuta. Kadiri walivyotia, mshale nao ulipanda, na Mama Vifaranga alipiga vigelegele mpaka mhudumu akamwuliza kama kuna harusi.

Mlimani mshale ulicheza kidogo. Mama Nyaya alikuwa amewaonya kwamba kwenye mteremko mafuta huhama upande, kwa hiyo wausome gari likiwa mahali tambarare, na wajaze kabla ya kufika robo. Nyuma vifaranga walilia bila kuchoka. Banda lilipofunguliwa, walimwagika kwenye joto na kukimbilia maji. Wafugaji waliinua kila boksi, hawakukuta aliyekufa. Mwenyekiti wao akaagiza wengine palepale.

Njiani kurudi, Mama Vifaranga aliutazama mshale ukishuka, kidogo kidogo, kilima baada ya kilima. Chapuchapu akamwuliza anatabasamu nini.

"Mafuta yanapungua, shemeji," alisema. "Na nayaona."