Besi Iliyosikika Jukwaani

Haya alinisimulia rafiki yangu, mpiga gitaa la besi katika bendi ya kukopi nyimbo za watu. Mchana mmoja wakiwa mazoezini, waya wake uliharibika, akashuka stoo, chini ya jukwaa, kutafuta mwingine. Mlango ukajifunga nyuma yake, giza likawa totoro. Alipapasa kitasa, hakikugeuka.

Huko juu bendi ikaanza wimbo, na besi ikaingia kwa ule mkogo wake yeye mwenyewe wa kuchelewa kidogo. Aligonga mlango, akaita mpaka koo likamkauka. Ngoma zikammeza.

Wimbo ulipoisha, mpiga ngoma alicheka. "Mzee wa Besi, leo umewaka!"

"Mbona kawaida yangu," ikajibu sauti.

Ilikuwa sauti ya rafiki yangu mwenyewe. Alitaka kupiga kelele, pumzi ikagoma. Kisha akamsikia mkewe, aliyekuja kumpitia.

"Baba watoto, hujamaliza tu? Wanao wanakungoja nyumbani."

"Twende, mke wangu," ile sauti ikasema, na nyayo za watu wawili zikapita juu ya kichwa chake, taratibu, zikielekea nje.