Elektroni Moja Tu

Foleni ya chai kwenye mgahawa wa chuo ilifika mlangoni. Kichwa Ngumu, binti ambaye kazi yake ni kukokotoa molekuli kwenye kompyuta, alikuwa akichora atomi juu ya sinia kwa kidole kilicholowa maji, mara kiwiko cha mtu kikamgonga. Chai yote gaunini, gauni lenyewe la njano.

"Pole, dada! Nimekuharibia gauni."

"Gauni litafuliwa. Umenifutia molekuli."

Jamaa akacheka mpaka foleni ikageuka. Mikono ya shati kaikunja, macho yamejaa uchokozi. Alikuwa wa maabara ya leza, akataka kuelezwa. Akaelezwa: atomi mbili zinazoshikana kwa elektroni moja tu, wakati kwa kawaida huwa mbili.

"Nikiipata kwa leza yangu, utanipa nini?"

"Namba ya simu nakupa leo. Mengine utayatolea jasho, Bwana Leza."

Mapenzi yakakolea. Simu asubuhi, simu mchana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula hesabu."

Mama naye kila akipiga ni swali moja: mkwe analetwa lini?

Ikaja siku ya semina. Profesa, msimamizi wa Kichwa Ngumu, hakuamini molekuli hiyo ipo, na alikuwa hataki kabisa sura yake kwenye tasnifu. Akamuuliza Bwana Leza mbele ya watu ameona nini.

"Sijaona kitu," akajibu, ameinama.

Hakumwambia kwanza! Mtu wa kumuuliza kama amekula, akamvua nguo hadharani. Ilimuuma, akaacha kupokea simu zake.

"Binti yangu, ondoa sura hiyo upate shahada kwa amani," Profesa akambembeleza.

"Siondoi. Shahada ninyime, lakini siondoi."

Akarudia hesabu zote. Atomi zikashikana vilevile, ila kwa ulegevu. Joto kidogo tu, zinaachana. Akashika simu, na hasira zake zote.

"Ulipoitafuta, mtambo wako ulikuwa na joto gani?"

"La chumba. Ndivyo tunavyopima kila kitu."

"Kitu kimeshikana kwa elektroni moja, wewe unakipika! Kagandishe."

"Nikiipata, utanisamehe?"

"Kagandishe kwanza."

Siku ya kutetea tasnifu akavaa gauni lilelile la njano, doa la chai halijatoka. Profesa akauliza kwa mara ya mwisho kama anaiondoa sura.

"Hata mkinifelisha."

Nyuma ya ukumbi Bwana Leza akasimama, koti zito la chumba cha baridi bado mwilini. "Nilisema mbele ya watu, nafuta mbele ya watu. Molekuli ipo. Aliyekosea ni mimi."

Profesa akavua miwani, akaomba kuona vipimo. Sura ikabaki.

Kwenye korido Bwana Leza akamshika mkono. "Nikuoe, Kichwa Ngumu wangu?"

"Ukiona kosa kwenye hesabu zangu, nani anaambiwa kwanza?"

"Wewe."

"Basi mpigie mama umwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kuulizwa."